Raketi Nyingine, Lakini Ipi?

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kitu ambacho wengine watasema ni anasa: raketi ya badminton, ule mchezo ambao wengi wetu tunauita mpira wa vinyoya. Wapo miongoni mwetu walioanza kuucheza ukubwani, ama kwa kuambiwa na daktari wapunguze uzito, ama kwa kuvutwa na watoto, na sasa raketi ya kwanza imekwisha. Ya pili si ya kuchukua tu kama mtu anavyochukua mwiko. Twasema hivyo kwa sababu sisi ilitugharimu kiwiko.

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi jioni tulikuwa tukicheza na baba watoto, wawili dhidi ya wawili. Siku moja wote wawili tukakikimbilia kinyoya kimoja, raketi zikagongana, yetu ikapasuka kichwa. Dukani tukakuta kijana mchangamfu, akatutolea raketi ya kumeremeta na kutuambia ndiyo wanayotumia mabingwa. Tukalipa, tena kwa fedha tulizoziweka kwa ajili ya mapazia. Wiki ya tatu tukashindwa kukamua nguo. Hata kuinua birika la chai ikawa kazi. Sisi tulio wauguzi maumivu ya upande wa nje wa kiwiko tunayafahamu. Angekuja nayo mgonjwa tungemwambia apumzishe mkono siku hiyo hiyo. Lakini fedha ilikuwa imeshatoka, na tuliona haya kusema nyumbani kwamba kitu cha bei ile hakitufai. Tukaendelea kucheza. Mwisho wake tulikaa nje miezi minne. Mwenzetu akawa anakwenda uwanjani peke yake, na ile saa moja ya wiki ambayo tulikuwa tunacheka pamoja bila kuulizana habari za ada ikapotea.

Raketi ile haikuwa mbovu. Ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa na kichwa kizito, shingo ngumu, na nyuzi zilizokazwa paundi 28.

Tuanze na shingo, yaani kile kijiti chembamba kati ya mpini na kichwa, kwa maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Shingo inayopinda kidogo humsaidia mtu ambaye mkono wake hauna kasi kubwa: inajikunja nyuma, halafu inajirudisha na kukisukuma kinyoya. Shingo ngumu haikusaidii kitu mpaka wewe mwenyewe uwe na mkono wa haraka. Ukiwa nao inakupa shabaha nzuri, usipokuwa nao unalazimika kutumia bega na kiwiko. Mtu aliyeanza kucheza akiwa na miaka 38 asione aibu kuchagua inayopinda.

Kichwa nacho. Kichwa kizito kinafaa kwa anayekaa nyuma na kupenda kupiga pigo la kushuka kwa nguvu. Kichwa chepesi kinafaa kwa anayesimama karibu na wavu au anayejilinda, kwani raketi inageuka upesi. Wanaume na wanawake wanapocheza kwa kuchanganyika, desturi ni mwanamke kukaa mbele na mwanamume nyuma, basi wengi wetu kichwa chepesi au cha wastani kingetutosha. (Wapo akina mama wanaokaa nyuma, na waume zao wanajua sababu.) Ikiwa hujui unacheza vipi, muulize mwenzako, si muuzaji. Mwenzako ndiye anayeona ni mapigo gani unachelewa.

Uzito wa raketi nzima huandikwa karibu na mpini kwa namba na herufi U. Kwa kawaida 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni gramu 80 hadi 84, na 5U ni gramu 75 hadi 79. Namba ikipanda uzito unashuka. Tofauti ya gramu 5 yaonekana si kitu ukiwa dukani, lakini mkono uliopandishwa juu ya kichwa mara mia mbili jioni moja unaihesabu. Kinyoya chenyewe hakizidi gramu 5 na nusu, hakihitaji rungu.

Sasa nyuzi. Watu wanadhani zikikazwa sana ndipo kinyoya kinakwenda mbali. Ni kinyume. Nyuzi zilizolegea kiasi ndizo zinazokirusha kinyoya, tena zinasamehe usipokipiga katikati kabisa. Zilizokazwa mno zinataka upige katikati kila mara, na ukikosea mtikisiko wote unaingia mkononi. Paundi 20 hadi 23 zinatosha kabisa kwa sisi tunaocheza kwa afya na furaha. Paundi 28 tuwaachie wanaofanya mazoezi kila siku.

Mpini usiuchague kwa namba, maana makampuni hayahesabu kwa namna moja. Ushike. Ukiwa mwembamba mno utaubana sana, na kubana ndiko kunakochosha misuli inayoanzia kwenye kiwiko. Mwembamba kidogo hauna shida, unaongezwa kwa kuzungushia utepe. Mnene haupunguziki kirahisi.

Kabla ya yote lakini, hakikisha kweli unahitaji raketi mpya. Ikiwa umekatika uzi tu, kata na zilizobaki mara moja ili zisivute fremu upande mmoja, kisha peleka ikafungwe nyuzi upya. Fremu iliyopasuka ndiyo ya kuaga. Hata hiyo usiitupe kabla ya kwenda dukani. Kama ilikuwa inakupenda, nenda nayo: ilaze juu ya kidole uone inasimama sawa mahali gani, halafu fanya vivyo hivyo na ile mpya. Zipinde shingo polepole, moja baada ya nyingine. Bora zaidi ni kuazima ya mwenzako na kuicheza mchezo mmoja mzima, kisha usikilize mkono kesho yake asubuhi.

Sisi baadaye tulichukua ya 4U, shingo inapinda, nyuzi paundi 21, na bei yake haikufika nusu ya ile ya kwanza. Ile ya mabingwa anayo kijana wetu wa kidato cha tatu, na anatushinda nayo. Mapazia bado ni yale yale.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya viatu, kwani tumeona akina mama wakiingia uwanjani na ndala.