MAISHA YA WATU: Norman Lear na kiti cha baba



Vijana wengi wanafikiri kuchekesha watu kwenye televizio ni mchezo tu, si kazi. Basi mwezi huu tuangalie maisha ya Norman Lear, Mmarekani mwandikaji wa michezo ya televizio. Alizaliwa mwaka 1922 kule New Haven, akafa Desemba 2023, akiwa na miaka 101.

Alipokuwa na miaka 9, baba yake alifungwa juu ya udanganyifu wa feza. Mama akauza vyombo vya nyumba, pamoja na kiti chekundu cha ngozi, kiti cha baba. Siku ile mtu mmoja akamwekea mtoto mkono begani, akamwambia kwamba sasa yeye ndiye mwanaume wa nyumba. Miaka 9 tu! Lear alieleza baadaye kwamba pale ndipo alianza kuona namna gani wanadamu wanachekesha, hata katikati ya msiba.

Alikua, akaenda vitani, akaruka mara 52 katika ndege za kutupa mabomu huko Ulaya. Vita ilipokwisha, alitembeza bidhaa nyumba kwa nyumba kule Los Angeles, yeye na mwenzake Ed Simmons, na usiku wakaandika vichekesho. Hivyo ndivyo aliingia katika televizio.

Siku moja akasikia juu ya mchezo wa Waingereza: baba na mkwe wake wanagombana kila siku. Kumbe, ni nyumba yao kabisa! Akatunga « All in the Family ». Ndani yake mna Archie Bunker, mfanyakazi wa New York. Ana kiti chake, mwingine asikikalie. Anadharau Weusi na wageni, na bibi yake Edith akisema neno, anamnyamazisha. Baba ya Lear alimnyamazisha mama vilevile.

Televizio ya ABC ilikataa mchezo ule mara mbili. CBS ikaukubali, ikauonyesha tarehe 12 Januari 1971, lakini kwanza ikawaonya watazamaji. Mwanzoni watu walikuwa wachache. Kisha, miaka mitano mfululizo, hakuna mchezo uliotazamwa zaidi katika Marekani. Leo kiti cha Archie kiko katika makumbusho ya taifa kule Washington.

Lakini kicheko kinakata pande mbili. Mwaka 1974 watafiti walionyesha kwamba wengi wenye ubaguzi walimpenda Archie, wakiona yeye ndiye ana haki. Wengine walimcheka, wengine walicheka pamoja naye. Halafu watu wa chama cha Black Panther wakafika ofisini kwa Lear na kumlalamikia: juu ya nini familia ya Weusi katika mchezo wake « Good Times » ni maskini siku zote? Lear akawasikiliza. Mwaka 1975 akaleta « The Jeffersons », familia ya Weusi wenye mali, wenye maduka ya kufulia nguo. Mchezo huo ulidumu miaka 10.

Sisi wa Lubumbashi jambo hili si geni. Mufwankolo na kundi lake walionyesha maisha ya kila siku kwa Kiswahili chetu, na watu walicheka kwa sababu walijiona.

Basi, kijana, ukitaka kuandika mchezo, usiende mbali. Sikiliza namna wakubwa wanavyobishana katika lupango lenu. Andika maneno yao jinsi yalivyo. Kisha jiulize: watu watamcheka nani? Yule mwenye kiti, ao yule anayenyamazishwa? Kama ni Edith peke yake anayechekwa, chukua karatasi ingine, anza tena.

Na ninyi wababa, watoto wakiiga sauti yenu jioni, msikasirike mbio. Sikilizeni kwanza wanasema nini.