Mwili ukibadilika, usiitupe sketi uliyoishona mwenyewe

MSOMAJI, huenda kuna sketi moja kabatini mwako ambayo hujaivaa kwa muda mrefu. Hukuichagua katika rundo la mitumba kule Karatina. Kitambaa ulikinunua mwenyewe, ukakikata juu ya meza ya chakula na kukishona usiku watoto wakiwa wamelala. Sasa zipu haipandi. Au ni kinyume chake: sketi inakuzunguka kiunoni kama pete iliyolegea kidoleni.

Wengi wetu tukifika hapo huikunja sketi hiyo na kuiweka chini kabisa ya nguo nyingine, tukijiambia kwamba siku moja mwili utarudi ulivyokuwa. Miaka inapita na mwili haurudi. Mwishowe sketi inapewa binti wa jirani, au inakuwa kitambaa cha kupangusia meza.

Leo nakuomba uitoe sketi hiyo na uitazame upya. Nguo ilishonwa kwa ajili ya mwili, si mwili kwa ajili ya nguo. Na sketi iliyoshonwa nyumbani ina jambo moja zuri ambalo nguo nyingi za kiwandani hazina. Nitalieleza hapa chini.

Sindano si ngeni kwetu

Wanawake wa Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya wameijua sindano kwa muda mrefu. Wamishonari walipojenga vituo vyao Mathari na Tumutumu mwanzoni mwa karne ya 20, ushonaji ulikuwa miongoni mwa mambo waliyowafundisha wasichana. Baadaye, mwaka wa 1952, chama cha Maendeleo ya Wanawake kikaanzishwa. Huo ndio mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa nchini.

Vikundi vya chama hicho vilifundisha kushona, kupika na kulea watoto. Serikali ya mkoloni ilivitumia pia kuwavuta akina mama mbali na Mau Mau, na ndiyo sababu wapo akina shosho ambao hawakuvipenda hata kidogo. Lakini mkoloni aliondoka na ujuzi ukabaki mikononi mwa wenyewe.

Waliosoma shule ya msingi chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, nao watakumbuka somo la sayansi kimu: kushona pindo kwa mkono, kutia kifungo, kutengeneza aproni. Kisha soko likafunguliwa katika miaka ya 90, mitumba ikafurika, na viwanda vya nguo vikaumia. Watu wakaona hakuna haja ya kujichosha na cherehani. Ukitaka sketi nyingine, unainama tu kwenye rundo na kuchagua.

Sikatai, mitumba imewasitiri wengi. Lakini sketi uliyoishona mwenyewe unajua ndani yake mna nini, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Mwili hubadilika kwa njia zake

Kabla ya kushika mkasi, jiulize mwili wako umebadilika vipi. Aliyejifungua juzi si sawa na aliyefikisha miaka 50.

Baada ya kujifungua, tumbo la uzazi huchukua wiki sita hivi kurudi katika ukubwa wake wa kawaida. Ngozi na misuli ya tumbo huchukua muda mrefu zaidi, na kwa wengine kiuno hakirudi kabisa kilivyokuwa. Kwa hiyo mama anayenyonyesha asikimbilie kukata nguo. Afadhali atie lastiki katika nusu ya nyuma ya mkanda wa kiunoni na kuiacha nusu ya mbele ikiwa bapa. Sketi itatanuka na kurudi pamoja naye, na mbele itaonekana nadhifu kama kawaida.

Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma hupatwa na jambo jingine. Aghalabu mafuta huhama kutoka kwenye nyonga na mapaja yakaja tumboni. Atapanda kwenye mizani na kuona uzani ni ule ule wa zamani, lakini sketi haifungi. Hapo kosa si lake wala si la chapati. Nyonga zinatosha, kinachohitaji kupanuliwa ni kiuno peke yake.

Pima ukiwa umekaa

Chukua futi ya utepe na umwombe binti yako au jirani akusaidie. Jipime kiunoni, kisha mahali ambapo tumbo limejaa zaidi, kisha kwenye nyonga. Jipime baada ya chakula cha mchana wala si asubuhi na mapema, kwa sababu hiyo sketi utaila nayo. Halafu kaa kwenye kiti ujipime tena. Ukikaa, nyonga na tumbo hutanuka, na mishono mingi hupasuka mtu akiwa ndani ya matatu wala si akiwa wima mbele ya kioo.

Sasa igeuze sketi ndani nje. Hapa ndipo penye lile jambo zuri nililolitaja. Nguo nyingi za kiwandani huachiwa kitambaa kidogo sana ndani ya mshono, kwa kuwa kiwanda hubana kila sentimita. Mshonaji wa nyumbani, hususan aliyefundishwa na mama yake, mara nyingi huacha hata inchi nzima. Hiyo ndiyo akiba yako.

Hesabu yake ni hii. Sketi ya vipande viwili ina mishono miwili ya ubavuni, na kila mshono una kingo mbili, jumla kingo nne. Ikiwa kila ukingo una inchi moja ya akiba, ukafumua na kushona upya kwa kuacha nusu inchi, umepata nusu inchi mara nne. Hizo ni inchi mbili kamili bila kununua kitambaa.

Fumua kwa utulivu ukitumia ncha ya wembe: kata uzi mmoja kila baada ya mishono mitatu au minne, kisha uvute. Usiushike mshono na kuupasua kwa nguvu. Ukimaliza, lowesha kidogo alama ya mshono wa zamani, tandika kitambaa safi juu yake na upige pasi. Pamba husahau haraka. Lakini vitambaa laini vyenye kung'aa hubaki na vitundu vya sindano, kwa hiyo jaribu kwanza kidogo karibu na pindo kabla ya kufumua chote.

Akiba isipotosha

Tuseme unahitaji inchi nne na mshono hauna akiba ya kutosha. Ongeza kipande kirefu kila ubavu, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Kila kipande kitakupa inchi mbili, lakini ukate chenye upana wa inchi tatu ili nusu inchi iliwe na mshono kila upande. Mkanda wa kiunoni nao lazima urefushwe kwa kiasi hicho hicho.

Usijisumbue kutafuta rangi inayofanana kabisa, kwani kitambaa kilichofuliwa miaka mitano hakipati pacha dukani. Tia rangi tofauti waziwazi: kitenge kwenye sketi nyeusi, au kaki nzito kwenye ya buluu. Wanaokutazama wataona mtindo, si kiraka.

Kama sketi imekuwa kubwa, usipunguze yote ubavuni. Ukifanya hivyo mifuko inasogea nyuma na sketi inapinda. Gawa upunguzaji: kidogo ubavuni, kidogo katikati ya mgongo, na kingine katika vile vikunjo vidogo vya kiunoni. Na usikate kitambaa kilichobaki ndani. Kiache. Mwili uliopungua leo unaweza kunenepa kesho, nawe utaihitaji akiba hiyo tena.

Jambo la mwisho kuhusu cherehani ni pindo. Tumbo likijitokeza, sketi hupanda mbele na kuonekana fupi. Makalio yakipungua, huning'inia nyuma. Wengi hukimbilia kukata pindo, na hapo wanaharibu. Dawa iko juu, kiunoni. Kwa tumbo, fumua mkanda na ushushe sehemu ya mbele ya sketi ukitumia akiba iliyopo chini ya mkanda. Kwa makalio, ipandishe sehemu ya nyuma ndani ya mkanda. Pindo litanyooka lenyewe.

Mshono unaposema

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Shangazi yangu mmoja wa upande wa Mukurwe-ini alikuwa na sketi ya kijivu aliyoishona kwa mkono wake, na aliivaa kanisani karibu kila Jumapili. Mwaka mmoja alianza kuipunguza. Aliipunguza mara ya kwanza akafurahi, kwa sababu kila mtu alimsifu kwamba amerudi usichana. Akaipunguza mara ya pili. Wakati huo sifa zilikuwa zimegeuka minong'ono, na unajua watu wetu hunong'ona nini mtu akikonda. Aliisikia, akanyamaza, akaacha kwenda kwenye mikutano ya chama.

Mara ya tatu macho yalimsumbua, hakuweza kutia uzi tunduni. Akampelekea sketi fundi mwenzake wa siku nyingi. Fundi yule aliigeuza ndani nje, akaona mistari miwili ya mishono ya zamani, mmoja ndani ya mwingine, naye anaombwa kutia wa tatu. Akamuuliza, "Nyina wa Wambui, hizi zote ni za lini?" Shangazi akajibu ni za tangu Pasaka. Ilikuwa Agosti.

Fundi aliiweka sketi mezani, akakataa kuishona. Akamwambia, "Sikushonei hii mpaka uende hospitali." Shangazi alikasirika lakini akaenda. Kumbe ile kiu ya usiku, kukojoa mara kwa mara, kuona ukungu na kukonda vilikuwa na jina moja: kisukari. Alianza dawa, akafundishwa namna ya kula, na baada ya miezi kadhaa sketi ikarudi kwa fundi. Safari hii ilikwenda kupanuliwa.

Ndiyo maana nakwambia, msomaji, usizifiche nguo zako na usiwaogope majirani. Ukikonda ilhali hukukusudia, na ukalazimika kupunguza nguo mara ya pili katika miezi michache, usiridhike na sifa za watu. Kisukari, kifua kikuu, tezi ya shingo na maradhi mengine humpunguza mtu kimyakimya, na mengi yao yanatibika au kudhibitiwa yakigunduliwa mapema. Vivyo hivyo tumbo likikua kwa haraka na kuwa gumu huku sehemu nyingine za mwili zikikonda, hiyo si kazi ya fundi. Nenda ukapimwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nawe uliye na mke, dada au mama nyumbani, chunga ulimi wako. Mwanamke aliyekuzalia watoto watatu hahitaji kukumbushwa jinsi kiuno chake kilivyokuwa siku ya harusi. Anahitaji mtu wa kumshikia ncha nyingine ya futi.

Kama huna cherehani, mafundi wako tele kwenye veranda za maduka, kuanzia Nyeri hadi Othaya, Kerugoya, Embu na Meru. Mpelekee sketi ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, ivae mbele yake, na kaa kitini akuone ukiwa umekaa. Mweleze kama unanyonyesha au unatumia dawa zinazokunenepesha, ili aache nafasi. Na mwambie asikate kitambaa cha ndani.

Ukishaivaa, iandikie tarehe kwa kalamu kwenye kitambaa kidogo na ukishone ndani ya mkanda. Ukifumua tena siku za usoni, utajua ni lini mwili wako ulihama na umehama kwa kasi gani.