Imani si Nguo ya Siku ya Mungu



Siku ya Mungu, Misa inapokwisha katika parokia zetu za Bukavu, watu hutoka wamevaa vitambaa vizuri, rozari mkononi. Twende basi kesho yake soko la Kadutu, tuwatafute Wakristo wale. Tutawatambua kwa nini? Vitambaa vimekunjwa sandukuni. Rozari imetundikwa ukutani. Na imani je? Twaogopa kwamba nayo imetundikwa pale pale.

Twasema haya bila kuficha, na twajisemea sisi wenyewe kwanza. Wengi wetu tumejifanyia dini ya siku moja. Mtu akituuliza kama tumemshirikisha jirani imani yetu, twashangaa kana kwamba ametudai deni la mwingine. Twajibu: «Hiyo ni kazi ya padri na katekista.»

Jibu hilo si la kweli. Tarehe 18 Novemba 1965 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati nzima juu ya utume wa walei, ukafundisha kwamba kila mbatizwa ana sehemu yake katika kazi hiyo. Tena tutumie akili tu. Padri hakai siku nzima kando ya mama anayeuza sambaza. Hasafiri kila juma katika mashua ya Idjwi. Hasikii maneno ya wajenzi wanapopumzika saa sita. Wewe ndiwe uliye pale. Ukinyamaza, nani atasema?

Tumkumbuke Isidore Bakanja. Alikuwa mjenzi, alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alifanya kazi katika shamba la kampuni huko Ikili, mbali na misioni. Jioni alisali rozari, akawafundisha wenzake sala. Mzungu msimamizi alimkataza, akamwamuru avue skapulari. Bakanja alikataa, akapigwa kwa mjeledi wenye misumari hata mgongo ukaoza. Alikufa Agosti 1909, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Yeye hakuwa padri. Alikuwa mtu wa mshahara, kama sisi. Sisi hatuna mjeledi mgongoni, na bado twaona haya kufanya ishara ya msalaba mbele ya sahani ya ugali!

Wengine wana jibu la pili, lenye ujanja zaidi. Husema: «Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikiishi vizuri yatosha, sina haja ya maneno.» Mithali hiyo twaipenda. Lakini mama gani wa Kadutu aliyeuza maharagwe mema akiyaacha ndani ya gunia lililofungwa? Chema hujiuza kikiwekwa mezani, watu wakione. Na jirani akiuliza: «Kwa nini hukulipiza kisasi?», ukijibu tu «Ni tabia yangu», umejipa wewe sifa iliyo ya Kristu.

Hata hivyo maneno peke yake hayafai. Wako wanaohubiri kwa sauti kubwa, na kipimo chao cha unga kimebonyezwa chini. Mnunuzi anasikia «Yesu asifiwe», kisha anafika nyumbani na unga pungufu. Je, unadhani atapenda kumjua huyo Yesu? Afadhali muuzaji huyo angenyamaza kuliko kumharibia Bwana wetu jina. Na Februari 2025, mji wetu ulipotwaliwa na M23 na mabenki kufungwa, kila aliyekuwa na fedha mkononi alijaribiwa. Aliyemkata mwenzake mwenye shida na aliyemsaidia kwa haki, wote wawili walihubiri siku zile. Watu walisikia mahubiri yote mawili, nao hawajasahau.

Tumtazame jirani yetu wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Walimpa fedha aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa, kwa kuwa watu wangekula sumu naye ni Mkristo. Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Sahihi yake aliyoikatalia fedha ilikuwa mahubiri, na marafiki zake walijua sababu yake, maana hakuwaficha.

Labda mtu atasema: «Mwislamu ana dini yake, Mprotestanti ana kanisa lake. Tusiwasumbue.» Ni kweli, kumshurutisha mtu ni dhambi, na Mtaguso ule ule ulitetea uhuru wa dini tarehe 7 Desemba 1965. Kumpa mwenye njaa kilo ya mchele ili abatizwe ni biashara, tena biashara chafu. Mchele mpe bure, abatizwe asibatizwe. Lakini kumheshimu mtu hakutuzuii kumweleza kwa upole lile lililotufurahisha. Naye akieleza lake, tumsikilize vilevile.

Basi tufanye nini? Tuanze na madogo. Muuzaji anyoshe kipimo chake kesho asubuhi. Baba asali na watoto kabla ya kulala, hata kama mgeni yupo. Katika kilio, tusikae tukisengenya. Tumkalie mfiwa karibu, tumwambie neno la ufufuko. Katika shirika, tumwalike yule jirani ambaye hakuna anayemwalika.

Bwana wetu alisema juu ya taa iliyofunikwa. Katika mji huu umeme hukatika mara nyingi, nasi twajua taa moja ina thamani gani gizani. Anayeificha yake usiku kama huo anawanyima nyumba nzima.