Daftari lisiloulizika ni sawa na lililoungua

WAHENGA walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sina ugomvi na wahenga. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kuwahesabia watu mizigo yao hapa Bujumbura, nimeona kwamba hata mali yenye daftari hupotea, kama daftari lenyewe haliwezi kuulizwa swali likajibu.

Ndugu msomaji, nianze na kisa kilichonipata mwenyewe. Mimi ni mmoja wa waliorudi kutoka Tanzania, na nilirudi na ujuzi wa kompyuta kuliko mali. Mwaka 2018, mimi na wenzangu wawili tulikuwa na programu yetu ndogo ya kuhesabu gharama za mzigo: bei ya kununulia kwa shilingi, nauli, ushuru wa mpakani, kisha yote kugeuzwa kuwa faranga. Wateja wetu walikuwa akina mama wanaoleta mchele na vitenge kupitia Kobero.

Siku moja mwezi Agosti mama mmoja wa Buyenzi aliingia ameshika karatasi mbili. "Mwanangu," akaniambia, "mzigo ni ule ule, mbona karatasi zako zina ndimi mbili?" Nikatazama. Mchele wa shilingi milioni 5. Karatasi ya Juni ilisema faranga 3,900,000. Karatasi ya Agosti, kwa mzigo huo huo, ilisema 4,000,000. Mwenzake katika biashara alikuwa amelipa nusu yake kwa karatasi ya pili, baadaye akaiona ya kwanza. Sasa alikuwa anamwita mwizi mbele ya majirani. Ushirika wa miaka sita ulikuwa unavunjika kwa faranga 100,000.

Kwa bahati nzuri kazi yetu tulikuwa tunaitunza kwa Mercurial. Hii ni programu ya kutunza matoleo, iliyoanzishwa na Matt Mackall mwaka 2005, mwaka ule ule Linus Torvalds alipoanzisha Git. Kila unapobadilisha kitu, haifuti cha zamani. Inaandika toleo jipya lenye jina la aliyebadilisha, tarehe, maelezo ya sababu, na jina la toleo lililolizaa. Kwa hiyo kazi nzima inakuwa kama ukoo: kila toleo lina mzazi, wahenga na wazao.

Lakini kutunza ni nusu ya kazi. Tulikuwa na matoleo zaidi ya 400. Kuyasoma moja moja kungechukua siku nzima, na mama yule alikuwa amekaa mbele yangu. Kilichotuokoa ni kitu ambacho Mercurial ilikiongeza mwaka 2010: lugha ya kuuliza. Huandiki "nionyeshe yote". Unataja sifa za matoleo unayoyataka, na unaziunganisha kwa maneno matatu tu: na, au, siyo. Maneno yake asili ni ya Kiingereza, ila programu inakuruhusu kuyapa majina yako. Sisi tuliyapa yetu: wahenga na wazao.

Swali langu lilikuwa hivi: nipe matoleo ambayo ni wazao wa lile lililochapa karatasi ya Juni, na ni wahenga wa lile lililochapa ya Agosti, na yamegusa faili la kubadilishia fedha. Wazao wa Juni walikuwa wengi. Waliokuwa pia wahenga wa Agosti walikuwa 61. Waliogusa faili lile walikuwa watatu. Nikawasoma wote kwa dakika moja.

Wa pili ndiye aliyekuwa na kosa. Mtu alikuwa ameandika: "Nimepunguza desimali ili karatasi isomeke vizuri." Shilingi moja iliyokuwa faranga 0.78 ikawa 0.8. Kwa mwenye shilingi elfu moja ni faranga 20, hakuna atakayeona. Kwa mwenye milioni 5 ni faranga 100,000. Na jina la mtu huyo? Lilikuwa langu. Nami tangu asubuhi nilikuwa nimeshamlaumu moyoni kijana mwenzangu.

Nilichapa jibu, nikaenda na mama yule kwa mwenzake, nikakiri. Waliendelea na biashara yao. Bila swali lile, mama angebaki mwizi, na mwenzangu angebaki mzembe.

Mtauliza, haya ya kompyuta yanatuhusu nini sisi tuliorudi? Yanatuhusu sana, maana shamba la kilimani nalo lina matoleo. Mwenye nyumba alikimbia mwaka 1972. Mwingine akapewa na utawala, akamuuzia wa tatu, wa tatu akawagawia wanawe. Mwaka 1993 wengine wakakimbia tena. Wa kwanza anaporudi kutoka Ulyankulu, Katumba au Mishamo, anakuta mtu mwenye karatasi yake halali machoni pake. Tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, ilianzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya mashauri ya namna hiyo, na muda wake ulimalizika mwaka 2022. Mashauri hayakwisha pamoja nayo.

Zamani swali kama hilo walikuwa wanaulizwa Bashingantahe. Hawakuwa wanasimulia historia yote ya kilima. Walikuwa wanaulizwa: nani alilima hapa kabla ya fulani, na nani alirithi kwake, mbali na wale waliokodi tu? Hiyo ndiyo lugha ya kuuliza: na, au, siyo. Ila wazee wanakufa, na hawaachi nakala.

Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 2011, huduma za ardhi zimeshushwa hadi kwenye komini, na watu wanapata vyeti. Ni jambo jema. Lakini sheria ya mwaka 2023 imepunguza komini kutoka 119 hadi 42, na mikoa kutoka 18 hadi 5. Shamba halikusogea, ila jina la komini liliyoandikwa kwenye cheti limebadilika, na vitabu vinahama kabati. Wakati kama huu ndipo ukurasa hupotea, au jina la juu hufuta la chini.

Rai yangu ni hii. Rejista hizi zinapoingizwa kwenye kompyuta, tusiridhike kuambiwa "zimepigwa picha". Picha ya daftari huwezi kuiuliza ni mashamba gani yaliyobadilishwa jina baada ya 1972 bila mwenyewe kuwepo. Tudai mambo matatu. Kwanza, badiliko jipya lisifute la zamani. Pili, kila badiliko libebe jina la aliyeandika, tarehe, sababu, na toleo lililotangulia. Tatu, mwananchi aweze kuuliza kwa masharti, apewe jibu lililochapwa.

Wapo watakaosema kompyuta haijui ukweli. Ni kweli. Kilichoandikwa kwa uongo kitajibiwa kwa uongo. Lakini uongo wenye jina na tarehe ni rahisi kuufuata kuliko uongo usio na mwenyewe. Wengine watasema fundi anaweza kuibadilisha hata historia. Anaweza, kwenye nakala yake. Ila katika Mercurial na Git, namba ya kila toleo inatokana na yaliyomo ndani yake pamoja na wazazi wake. Ukigusa la zamani, namba yake na za wazao wake wote zinabadilika, na mwenye nakala nyingine atakuona.

Na nakala nyingine ni jambo la kufa na kupona. Sisi wa soko tunakumbuka Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua. Waliopoteza bidhaa walipoteza pia madaftari ya madeni, na aliyekuwa anadai akabaki na maneno matupu. Leo fundi mwenye historia yote ya kazi yake kwenye kompyuta tatu haogopi moto wa namna ile.

Mercurial yenyewe leo haina watumiaji wengi kama Git, lakini wazo la lugha ya kuuliza halikufa. Limerithiwa na programu mpya kama Sapling, iliyotolewa na Meta mwaka 2022, na Jujutsu. Mafundi wameona kwamba wingi wa kumbukumbu bila swali ni mzigo tu.

Sisi nasi tuone hivyo hivyo. Mfanyabiashara wa Kobero au Gatumba, ukinunua programu ya hesabu, usiulize tu kama inahesabu. Iulize: mwezi uliopita ulisema nini, na nani alikubadilisha? Ikikosa jibu, rudisha fedha zako mfukoni.