Kadi ya fundi wa Gahanga
Kandokando ya barabara inayotoka Kicukiro kuteremkia Bugesera, pale Gahanga, utakuta karakana za kuchomelea mageti, saluni, maduka ya vifaa vya ujenzi na vijana wanaoajiriwa kwa maneno ya mdomo tu. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2015 inamtaka kila mkazi awe na bima ya afya, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini bima ipi? Mwenye ajira rasmi anaweza kuwa chini ya RAMA, bima ya waajiriwa: anachanga asilimia 7.5 ya mshahara wake, mwajiri naye anaongeza 7.5. Fundi wa geti amebaki na mituweli, bima ya afya ya jamii, na analipa peke yake. Kwa miaka mingi kaya nyingi zimetoa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Si nyingi, ila hulipiwa kaya nzima, kwa hiyo kwa kiwango hicho mwenye watoto wanne na mke anahitaji 18,000 kwa pamoja. Bosi wake, ambaye jicho la fundi likiingiwa na cheche ndiye anayepoteza kazi ya wiki, hachangii hata senti. Hilo linaniuma. Simdai mwenye karakana ya watu watatu michango ya RAMA, ataifunga. Namdai alipie mituweli ya wafanyakazi wake na familia zao kila Julai, mwaka mpya wa bima unapoanza, na wilaya ya Kicukiro iliulizie hilo inapokagua biashara.