Maelekezo Yaliyokufa Yafutwe

Wako wasemao kwamba maelekezo ya zamani yaachwe kitabuni, kwani hayamdhuru mtu. Mimi nawapinga. Waundaji wa FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, walitunza mabadiliko ya programu zao kwa chombo kiitwacho CVS. Mwaka 2008 walianza kuhamia Subversion, na mwishoni mwa 2020 wakaingia Git. Ukurasa unaomfundisha mgeni amri za CVS leo ni mtego. Atafuata kila hatua, chombo kigome, ajione mjinga. Au atapata nakala iliyotelekezwa, isiyo na marekebisho ya usalama, adhani amelindwa. Mpenda historia asome matoleo ya zamani. Anayebadili chombo asifute maelekezo yake amefanya nusu ya kazi.