Kati mere haijafa

Pita Birere, hapa Goma, asubuhi, kwenye vichochoro vya maduka ya mbao vinavyoelekea mpaka wa Petite Barrière, simama mbele ya fundi yeyote wa kompyuta. Kijana ameshuka kwenye pikipiki na mashini yake aliyoiunga mwenyewe nyumbani, kipuri kwa kipuri, ameifunga kwa kitenge cha mama yake. Fundi anachomeka waya, anabonyeza. Feni zinazunguka, kioo kinabaki cheusi. Anabonyeza tena. Dakika mbili hazijaisha, hukumu imetoka: "Yaya, kati mere imekufa." Kijana haulizi kitu. Anaanza kuhesabu dola alizo nazo na za kukopa.

Kati mere ndiyo bodi mama, ile sahani kubwa inayobeba prosesa na ramu na kuviunganisha vyote. Mjini kwetu imekuwa imani kwamba mashini isiyowasha kioo imekufa kati mere, na kwamba dawa ni kununua nyingine. Nasema bila kumung'unya maneno: imani hiyo ni ya uongo, na inawamaliza watu wasio na pesa ya kumaliziwa.

Najua kwa sababu nililipa. Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, na mashini yake niliiunga mwenyewe. Ilipoanza kukataa kuwaka nilimpelekea fundi mmoja, akanibadilishia kati mere kwa dola 70. Iliwaka, nikashukuru. Wiki mbili baadaye ikarudia mchezo uleule, tena katikati ya kazi ya mteja. Safari hii niliazima multimita na kuweka ncha zake kwenye waya wa njano na waya mweusi, mashini ikiwa inafanya kazi. Waya wa njano unatakiwa kubeba volti 12, na kawaida ya kiwanda inaruhusu isishuke chini ya 11.4. Mashini ikiwa imetulia nilisoma 11.7. Nikafungua picha kubwa na kuanza kuzisafisha, namba ikashuka mbele ya macho yangu hadi 10.8, kisha kila kitu kikazima. Nilichomoa waya wa ukutani, nikamulika tochi kupitia matundu ya alimantasio, kile kisanduku cha kugawa umeme: kapasita mbili zilikuwa zimetuna vichwa kama mandazi. Kati mere yangu ya kwanza haikuwa na kosa lolote.

Sasa sikiliza kwa nini imani hii haifi. Ili kubadilisha kati mere, fundi lazima achomoe kila kitu. Anatoa ramu, anatoa prosesa na kuipaka pasta mpya, anachomoa nyaya zote, anapuliza vumbi, kisha anarudisha kila kimoja mahali pake kwa nguvu na kwa uangalifu. Kama ubaya ulikuwa ramu iliyolegea, umepona hapo. Kama ulikuwa waya wa prosesa uliokaa upande, umepona. Kama ni alimantasio inayochoka, imepumzika na itajikokota siku kadhaa. Mashini inawaka, na sifa yote inapewa kati mere mpya! Tiba imegusa vitu kumi, halafu tunasema kimepona kile tulichokitaja tangu mwanzo. Kubadilisha si kupima, na fundi anayebadilisha bila kupima hajui alichotengeneza, hata pale kazi inapofanikiwa.

Wenye imani hii hunijibu: feni zinazunguka, kwa hiyo umeme upo, kwa hiyo alimantasio ni nzima. Feni si shahidi. Feni ya volti 12 huzunguka hata ikipewa 7, na haijui lolote kuhusu nyaya za volti 5 na 3.3. Wengine hushika waya wa kijani, wanauunganisha na mweusi, alimantasio ikiamka wanaitangaza nzima. Hapo imeamka bila mzigo wowote. Mtu aliyelala kitandani hasemi kama ataweza kupandisha gunia la makaa mlimani.

Kuna jaribio moja linaloogopwa, sijui kwa nini, maana halina gharama kubwa. Nunua kispika kidogo cha kuchomeka kwenye kati mere, kile ambacho makasha mengi ya mashini yanayoletwa kwetu hayana. Zima, chomoa waya wa ukutani, toa bareti zote za ramu. Rudisha umeme, washa. Kati mere ikilia kwa milio yake ya kudai ramu, basi alimantasio imeiamsha, prosesa imesoma maagizo, na bodi imejikagua. Kati mere inayolalamika kwamba haina ramu haijafa. Inawezekana tundu moja la ramu ni bovu, lakini hilo ni jambo jingine na bei nyingine. Ikinyamaza, bado usiihukumu. Tazama ule waya wa pini nne au nane unaolisha prosesa peke yake, ambao wanaojiungia mashini husahau kila siku. Tazama betri ya mviringo ya volti 3. Kama saa ilikuwa inarudi nyuma miaka kila ukiwasha, betri hiyo ilikwisha kukupa taarifa.

Na hapa kwetu kuna vumbi. Tangu lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopasua mji tarehe 17 Januari 2002, tunajenga na kutembea juu ya mawe yale, na unga wake mweusi unaingia kila mahali. Niliwahi kutoa bareti ya ramu iliyokuwa na mstari mweusi kwenye meno yake ya dhahabu. Niliyasugua kwa gomu ya kufutia ya mwanafunzi, taratibu, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Mashini iliwaka.

Kati mere hufa, sikatai. Radi huziua, na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika huziua. Lakini kifo kinapimwa. Hospitalini hatukubali tena kupewa dawa ya malaria bila kutobolewa kidole.

Na sisi wateja tuna sehemu yetu. Tunakataa kulipa dola tano za kupimiwa, tunasema fundi "hajafanya kitu," halafu tunalipa sabini za kipuri bila kunung'unika kwa sababu tumekishika mkononi. Tumemfundisha fundi kwamba kupima ni njaa na kuuza kipuri ndiyo mkate. Benki zilipofungwa Goma Januari 2025 na dola taslimu zikawa za kutafuta kwa tochi, dola 70 zilikuwa ada ya mtoto. Lipa kupimiwa. Simama hapo, uione namba kwenye multimita kwa macho yako. Na ukikubali kubadilishiwa, dai ile ya zamani urudi nayo nyumbani.

Mimi niliidai yangu. Niliifungia alimantasio nzima, prosesa na bareti moja ya ramu, nikampa mpwa wangu anayesoma. Iko mtaani Katindo mpaka leo, inawaka kila jioni umeme ukiwepo.